Farasi Wanaotazama Nyuma

Khuman alikuwa amesema atafika asubuhi na mapema. Jua lilipovuka paa la jirani, Thavri alikuwa amekwisha kuteka maji, kukanda unga wa mahindi, kufagia ua na kuurudia tena, na kumtukana Khuman kimoyomoyo kwa kila tusi alilozaliwa nalo hapa Kundalpada, pamoja na mengine aliyoyaokota mjini Bhopal.

Ukuta ulikuwa unangoja. Wasichana wa ukoo ambao hawajaolewa walikuwa wameukandika kwa udongo na samadi ya ng'ombe, wakaupaka udongo mweupe, wakauacha ukauke, wakaupaka tena. Ulikuwa ukuta wa sebuleni, unaotazamana na mlango, na nyuma yake kuna jiko. Thavri alikuwa ameupita mara nyingi tangu alfajiri akisingizia chumvi, akisingizia kibiriti. Kila alipoupita alisikia vidole vyake vikimwasha.

"Mama Kesri, acha kuukodolea macho," Vesta mumewe alisema. Alikuwa amejilaza uani kwenye kitanda cha kamba, mguu wake wa kushoto umepandishwa juu ya gunia. "Hautakimbia huo."

"Nani kasema utakimbia? Katika nyumba hii hakuna anayekimbia."

Vesta akacheka. Hilo ndilo lililomchosha Thavri kuliko yote katika ndoa yao. Ukimchoma anacheka, nawe unabaki na sindano yako mkononi.

Ukuta huo ulikuwa wa nadhiri, nadhiri ya mguu wa Vesta. Zamani, walipokuwa wote wawili wakibeba matofali Bhopal, Vesta alianguka kutoka kwenye jukwaa la mianzi, na daktari akasema hatasimama tena. Thavri alitoka nje ya wodi, akachuchumaa karibu na bomba la maji, akamwahidi Pithora, mungu wao ajaye kwa farasi. Mume wangu akisimama, alisema, nitakuleta nyumbani kwangu. Nitakuchorea farasi ukutani, nitakuchinjia mbuzi, nitakupigia ngoma. Vesta alisimama. Alitembea kwa kuchechemea, lakini alitembea.

Basi ahadi ikabaki hivyo. Mwanzoni hawakuwa na ukuta, nyumba yenyewe ilikuwa ya fito. Walipojenga, Hurji, kaka yake Thavri, ambaye ndiye aliyekuwa akichora Pithora katika vijiji vyote vya upande ule wa mlima, alisema wangoje mavuno. Mavuno yakawa mabaya. Mwaka mwingine Hurji akaugua kifua, akafa. Na sasa, tangu mvua ziishe, mguu wa Vesta umeanza kuvimba na kuwa mweusi kwenye kifundo, hata shambani anateremka kwa makalio kama mtoto. Daktari wa Jhabua alimpa vidonge. Mzee Galiya, mganga wao, wanayemwita badwa, alirusha punje za mahindi kwenye ungo, akazitazama zilivyoanguka, akasema Pithora amechoka kungoja. Vesta alimeza vidonge, na Thavri akanunua mbuzi.

Kilichomkera ni kwamba yeye mwenyewe alikuwa mchoraji. Kwa mikono yake alikuwa amesomesha watoto. Picha zake zilitundikwa kwenye jumba la makumbusho na kwenye nyumba za watu ambao hakupata kuwaona. Lakini farasi wa nadhiri huchorwa na wanaume. Alilijua hilo tangu utotoni, alipokuwa akisaga rangi nje ya mlango wakati baba yake na Hurji wakichora ndani. Siku zile halikumuuma. Lilikuwa jambo kama mto kuteremka bondeni, nani atakaa aulaumu? Lilianza kumuuma mwaka huu, alipohesabu wachoraji waliobaki na kumkuta Khuman peke yake.

Khuman alifika kwa pikipiki, amewapakia wenzake wawili na ndoo.

"Shikamoo, shangazi!"

"Marahaba. Hii shikamoo ni ya asubuhi uliyoniahidi, au ni ya mchana?"

"Pikipiki imetugomea njiani, shangazi."

"Ndiyo iliyokunywa pombe, hiyo pikipiki? Maana naisikia harufu hadi huku."

Wale wenzake walitazama chini. Khuman alikuwa kijana mrefu, mwembamba, mwenye tabasamu la mtu aliyezoea kusamehewa. Alimwita Thavri shangazi kwa sababu Hurji alimchukua kama mwanawe. Aliosha miguu, akaingia ndani na wanaume, wakatundika blanketi mlangoni. Tangu hapo hakuna mwanamke ambaye angeingia hadi badwa ausome ukuta.

Thavri akaketi kwenye jiko la nje na Sukli, mjane wa Hurji, wakaanza kupiga mikate ya mahindi ya wageni. Sukli alikuwa na ulimi wa kukata kamba.

"Wifi," alisema baada ya muda, "huo ni mkate au ni picha? Mbona unautoboatoboa?"

Thavri akatazama. Alikuwa amebonyeza ncha ya kidole kwenye unga, safu kwa safu, bila kujua. Akaufinyanga upya.

"Hivi huyu Khuman anajua?" aliuliza. "Hurji alimfundisha kweli?"

"Alianza kumfundisha. Mwaka wa kwanza alimsagisha rangi. Wa pili akampa kuchora mpaka wa pembeni na ngamia. Halafu marehemu akaondoka."

"Na farasi?"

"Farasi kajifundisha."

"Kwa nani?"

"Mimi nitajuaje? Nilikuwa nyuma ya blanketi?" Sukli aligeuza mkate. "Hana mabaya yule. Anaimba vizuri."

"Sikumwita aje kuimba."

Kutoka ndani walisikia vicheko, kisha mtu akikohoa, kisha Khuman akisema, Ongeza maji, ongeza. Thavri akasaga meno. Rangi ya ukutani haiongezwi maji. Huchanganywa kwa maziwa na tone la pombe ya mahua. Ukitia maji inateremka kama machozi. Alijua pia sauti ya kijiti cha mwanzi kilichotafunwa ncha kinapopita juu ya udongo mkavu, na aliyoisikia haikuwa hiyo. Ilikuwa sauti ya brashi ya dukani. Alijua, na kujua kwake hakukuwa na kazi yoyote pale. Akapiga mkate.

Mchana ulipokomaa mtu akaita ndani, "Maziwa yamekwisha!" Thavri akachukua mtungi kabla Sukli hajanyanyuka. Alisimama mlangoni, kama alivyosimama utotoni, akanyoosha mkono. Mmoja wa wale wenzake Khuman, aliyekuwa amelewa, badala ya kuupitisha mkono wake pembeni, aliliinua blanketi zima.

Thavri aliuona ukuta.

Walikuwepo farasi, wekundu, wa manjano na wa kijani, jozi kwa jozi, na wote shingo zao zimegeuka. Wote walikuwa wanatazama nyuma. Hawakuwa na hatamu wala matandiko, na hapakuwa na mtu mgongoni. Na vitone vyeupe vilivyojaza miili yao vilikwenda kwa safu hadi tumboni, vikapinda, vikazunguka, vikaendelea, kama sisimizi wanaokwepa jiwe.

Kila mchoraji wa Kibhil, kabila lao, ana vitone vyake. Wenzake wanamtambua kwavyo hata pasipo jina. Vitone vile, vilivyopinda tumboni, vilikuwa vya Thavri.

Blanketi likashuka.

Mwaka ule wa kwanza wa Bhopal, mwanamke mmoja wa jumba la makumbusho aliwapa vibarua karatasi na rangi za kopo, akasema mchore chochote cha kwenu. Thavri alichora farasi. Ni nini kingine angechora? Alichora wengi, akawatandaza sakafuni katika chumba cha kupanga, na Hurji alipokuja kuwatembelea alichuchumaa mbele yao, akawapitia mmoja mmoja.

"Huyu ana hatamu," Hurji alisema hatimaye. "Amepigwa tandiko, kapandwa. Dada, ukimchora hivi unamwita Pithora mwenyewe. Naye atakuja. Akija akute karatasi sakafuni, hakuna mbuzi, hakuna ngoma, utamkaribisha na nini?"

"Basi niache?"

"Usiache. Watoto watakula nini?" Hurji akafikiri, akachora hewani kwa kidole. "Mvue hatamu. Mvue tandiko. Mgeuze shingo. Farasi wa Pithora anatazama anakokwenda. Huyu wako atazame alikotoka. Atakuwa farasi tu."

Tangu siku ile, kwa miaka yote, hakupata kuchora farasi asiyegeuka. Walionunua waliipenda ile shingo. Bwana mmoja mwenye miwani alimwambia anaona katika farasi hao huzuni ya msitu uliopotea, na Thavri akamwitikia kwa kichwa, maana alikuwa amekwisha kulipa. Lakini yeye alijua ile shingo ni nini. Ilikuwa mlango alioufunga kwa mkono wake kila siku ili mungu asije akafika mahali pasipo pake.

Na sasa farasi hao hao, waliofunguliwa hatamu makusudi ili wasimlete mtu, wamesimama kwenye ukuta wa nadhiri wakitakiwa kumleta.

"Khuman," aliita kupitia blanketi. "Toka nje kidogo, mwanangu."

"Nina rangi mkononi, shangazi."

"Toka nayo."

Akampeleka nyuma ya nyumba, kwenye lundo la mabua ya mahindi.

"Farasi hao, nani kakufundisha?"

"Baba Hurji."

"Hurji hakuwahi kuchora shingo hiyo maisha yake yote. Sema kweli."

Khuman akajikuna kwa kiwiko, maana vidole vilikuwa vyekundu. "Kwenye kalenda, shangazi."

"Kalenda ipi?"

"Ya duka la mbolea. Wanaigawa bure. Kuna picha moja ya farasi, nzuri! Nikasema hii ni kazi ya wazee wa zamani, maana ni ya Kibhil, ona vitone. Baba Hurji hayupo, ningemuuliza nani? Nikaikata, nikaibandika kwetu, nikajifunza."

"Umechukua farasi wa mungu kwenye kalenda ya mbolea."

"Si nimekwambia nilidhani ni mzee wa zamani?"

"Huyo mzee wa zamani ni mimi."

Khuman alicheka. Akamtazama, akaacha kucheka. Akatazama vidole vyake kana kwamba ni vya mtu mwingine.

"Usinitanie, shangazi."

"Nani anakutania? Picha ile niliichora nikiwa na Kesri tumboni. Na nimewavua hatamu kusudi, wasiwe wa Pithora. Hurji ndiye aliyeniambia. Unanielewa? Hao hawaendi popote. Wametengenezwa wasiende."

"Lo!"

"Usiniambie lo. Umeshawachora nyumba nyingine?"

Khuman akajipangusa vidole kwenye mabua.

"Khuman!"

"Kadhaa."

"Na waganga walisemaje?"

"Hawakusema kitu. Walipita, wakala mbuzi, wakaondoka." Akamkaribia, akashusha sauti. "Shangazi, wazee wakisikia nimechora farasi wa mwanamke nimekwisha. Hakuna atakayeniita tena. Nawe pia watakusema, kwamba ulikuwa unachora farasi huko Bhopal. Tufute?"

Lakini hawakuweza kufuta, na wote wawili walijua. Udongo mweupe ukishakunywa rangi hauitoi. Ingebidi ukuta ubanduliwe wote, wasichana waukandike upya, ungojewe ukauke. Wageni walikuwa wamekwisha kuanza kushuka vilimani, ngoma mabegani. Kuanzia kesho Galiya alikuwa ameitwa vijiji vingine hadi baada ya sikukuu ya Holi. Na mguu ule mweusi haukuwa wa kungoja Holi.

"Watie hatamu," Thavri alisema. "Watie matandiko, na wapandaji. Rudi, fanya haraka."

"Hatamu itapita wapi? Midomo iko nyuma."

"Inatoka mdomoni, inapita juu ya..." Thavri akasita. Aliiona kichwani mwake, mstari mmoja tu uliopinda juu ya bega, ungekaa vizuri kabisa. Lakini mdomoni haukuwa na maneno. "Juu ya bega. Unaupindisha. Siyo sana."

"Siyo sana kiasi gani?"

"Kama... kama pembe ya mbuzi."

"Mbuzi dume au jike?"

"Mungu wangu! Pindisha tu!"

"Na mpandaji? Farasi akigeuka hivi watakuwa wanatazamana uso kwa uso, shangazi, kama wanagombana."

"Basi wagombane!"

Khuman akaondoka mbio. Thavri akabaki na mabua. Kijiti kimoja, dakika chache, na yale yote yangekaa sawa. Alikuwa amesimama hatua chache kutoka kwenye ukuta wake mwenyewe, katika nyumba aliyoijenga kwa farasi, naye hakuwa na ruhusa ya kugusa farasi.

Alikwenda kwa Vesta, akamnong'oneza yote. Vesta alisikiliza akitazama dari la mti wa mwarobaini.

"Wana miguu?" aliuliza.

"Nani?"

"Hao farasi wako."

"Wanayo."

"Minne minne?"

"Vesta!"

"Basi watafika. Mimi nina mmoja na nusu na nilifika kutoka Bhopal."

"Ni mguu wako ninaouhangaikia! Unajua hilo? Siyo wangu!"

"Ndiyo maana nasema mimi," alijibu, akaushika mkono wake, ambao Thavri aliuchomoa. Kisha akaona kwamba pamoja na mzaha wake wote, paji la uso la mumewe lilikuwa linatoka jasho, na alikuwa ameugeuza mguu ili yeye asione ulivyovimba leo. Alikasirika zaidi. Angalau angelalamika.

Galiya alifika jua likiwa limeanza kulegea. Alikuwa mzee mdogo wa mwili, mwenye sauti ya puani, na alipofika kitu cha kwanza aliuliza mbuzi yuko wapi. Ngoma zikaanza. Wanaume wakalivuta blanketi, na wanawake wakaruhusiwa kusogea hadi kizingitini. Sukli alimshika Thavri kiuno, kwa upendo au kwa kumzuia, haikujulikana.

Khuman alikuwa ametia hatamu. Alizitia nene, nyingine zikifanana na mkonga, na wapandaji aliowapachika walikuwa wadogo mno, kama vibandiko. Mmoja alikuwa ameketi karibu na mkia. Thavri aliuziba mdomo kwa mtandio wake.

Galiya alitetemeka, mabega kwanza, kisha kichwa. Alichukua upanga akaanza kuusoma ukuta, akigusa kila kitu kwa ncha yake na kuuliza, na Khuman akijibu, maana ndivyo inavyofanywa: mungu aliyempanda badwa huuliza kwa mdomo wake, na mchoraji hutaja.

"Huyu nani?"

"Jua."

"Huyu?"

"Mwezi."

"Huyu?"

"Mkulima na ng'ombe wake wa kulima."

"Huyu juu ya mtende?"

"Mgema."

"Wanakunywa wapi farasi wangu?"

Khuman akatazama ukuta. Hakukuwa na kisima. Alikuwa amesahau kisima, katika haraka ya hatamu.

"Nakuuliza, wanakunywa wapi? Mnataka wafe na kiu?"

Khuman alikwenda mbio kwenye ndoo, akachora kisima chini kulia, duara na ngazi. Galiya alingoja, akipumua kwa nguvu. Akanusa kisima. Akaendelea. Akafika kwa farasi.

Ncha ya upanga ikasimama kwenye shingo ya farasi mwekundu. Ikapita kwa wa manjano. Ikarudi kwa mwekundu.

"Mbona wanatazama nyuma?"

Ngoma zilikuwa zikiendelea, lakini Thavri hakuzisikia. Khuman aligeuka akamtazama Thavri. Wanaume kadhaa wakafuata macho yake. Thavri alijua kwamba likiulizwa tena atasema. Lawama za watu angezibeba, alishazoea kubeba. Asichoweza kubeba ni mguu ule kuoza kwa sababu yeye alinyamaza.

"Mzee," alisema. "Hao farasi..."

Sukli akamfinya. "Nyamaza wee!"

"Niache, wifi. Hao farasi ni..."

Galiya akacheka. Kilikuwa kicheko kikubwa, kisicholingana na kifua chake. Akauinua upanga, akauelekeza nje, juu ya vichwa vya wanawake, uani, kitandani kwa Vesta.

"Wananitazama mimi! Mimi niko nyuma yao, nakuja kwa miguu! Mmeniacha njiani miaka yote, miguu yangu imevimba, nachechemea! Wao wametangulia, wanageuka, wananiangalia kama nimefika!" Akanyoosha mkono, akapewa jani lililojaa pombe ya mahua, akanywa nusu, nyingine akaimwaga chini ya farasi mwekundu. "Nimefika. Chinjeni."

Ua ulilipuka. Wanaume walipiga mbinja, filimbi zikaingia, mbuzi akavutwa. Mtu alimnyanyua Vesta, na Vesta, mjinga yule, akaanza kucheza kwa mguu mmoja, mkono juu ya bega la jirani, akilia na kucheka. Wanawake walikuwa wakimkumbatia Thavri. Ukuta umepokelewa, nadhiri imekwisha. Sukli alikuwa analia kwa ajili ya Hurji. Thavri alisubiri furaha yake ije.

Haikuja. Kilichokuja kilikuwa hasira, na hakujua aielekeze wapi.

Kama Pithora alikuja leo, juu ya farasi hao, basi angekuja siku zote. Basi ile shingo haikumzuia. Alikuja Bhopal, alikuja kwenye kila karatasi, akakuta hakuna mbuzi wala ngoma, akauzwa, akatundikwa juu ya makochi ya watu wasiomjua, na yeye Thavri aliyemwita mara elfu hakupata kumpa hata jani la pombe. Na kama hakuja leo, basi Galiya alikuwa na njaa, na mguu wa Vesta uko palepale. Aliyageuza mawazo haya mawili kama mikate juu ya kikaango, na yote mawili yaliungua. Na kati ya yote alisikia aibu ya jambo dogo kabisa, kwamba hata sasa hatamu zile nene zilimuudhi kuliko vyote. Angeamka nazo kila asubuhi hadi kufa kwake.

Alitoka kwa mlango wa nyuma. Kulikuwa bado na mwanga. Alichuchumaa pale kwenye mabua, na baada ya muda kidogo akasikia hatua.

"Shangazi." Khuman alikuwa ameshika jani lenye nyama, fungu la mchoraji. Alikuwa amejaa tabasamu lake lote. "Umeona? Amepita! Nilikwambia wanapitaga tu. Nimekuletea ini."

"Kula mwenyewe."

"Umekasirika?"

"Kisima kilikuwa kimepinda."

"Ndiyo."

"Wapandaji ni kama kupe."

"Ndiyo, shangazi."

"Na yule aliye mkiani, huyo ni nani? Anatafuta nini kule?"

Khuman alicheka, kisha akakaa chini mbele yake, akaweka jani la nyama pembeni, na tabasamu likamtoka. Bila hilo alionekana mdogo sana.

"Shangazi, nifundishe wale wa kweli."

"Wa kweli ndio hao. Hukumsikia badwa?"

"Nilimsikia. Lakini wewe unawajua wale wa baba Hurji. Hatamu zinavyopita. Hakuna mwingine anayejua. Mimi nikiitwa tena nitachora nini, mbolea?"

Thavri alimtazama. Angetaka kumpiga kofi. Miaka yote hiyo Hurji alikuwa hai, akikohoa kule juu, na kijana huyu alikuwa anazurura na pikipiki. Na miaka yote hiyo yeye mwenyewe alikuwa nao kichwani mwake, farasi wenye shingo zilizonyooka, kila mmoja na jina lake, na hakuna aliyemuuliza. Wamkumbuke leo, jua linazama, na nyama inapoa.

"Mimi siwachori," alisema.

"Najua huwachori. Niambie tu."

"Nimekuambia mchana kwa mdomo, ukanitolea mkonga wa tembo."

Thavri akakiokota kijiti kwenye mabua, akakivunja kipande, akakitafuna ncha hadi kikalainika, akamtilia Khuman mkononi. Akalisawazisha vumbi kwa kiganja. Kisha akamshika kifundo cha mkono, kwa nguvu, kama anavyoshikwa mwana-mbuzi asiyetaka kunyonya.

"Mkono ni wako," alisema. "Mimi nakushikilia tu. Anza mgongoni."

"Siyo kichwani?"

"Nani anaanza kichwani? Mgongoni. Shuka. Taratibu. Usikaze, nani atakunyang'anya? Hapo. Sasa kifua. Sasa shingo, na iende mbele, mbele, usi... Unaona? Umeigeuza!"

"Mkono umezoea, shangazi."

Ngoma zilibadilisha mwendo. Kuku alikatiza juu ya tumbo la farasi, akaacha nyayo zake, na Khuman akainua macho kumtazama Thavri.

"Futa," alisema Thavri, bila kumwachia mkono. "Anza tena."